Mashine Iliyokataa Chai

Cheti changu cha kompyuta nilikipata kwa wiki sita, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, katika chumba kimoja cha ghorofani mjini. Wanafunzi watatu tuligawana mashine moja. Mimi nilikaa upande wa kushoto, mahali ambapo niliona vitufe vyote vizuri lakini kioo nilikiona robo tu. Wenzangu walipocheka jambo lililotokea kwenye kioo, nami nilicheka, kwa adabu. Nilipomaliza nilikitia cheti kwenye fremu, nikakitundika kwenye ukuta wa udongo wa chumba changu Gatwekera, Kibera, juu ya stovu, na kila mgeni aliyeingia alikisoma kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kusoma.

Hivyo ndivyo habari zilivyomfikia mchungaji. Kazi yangu ya kweli ilikuwa kupiga teleksi, yale maandishi yanayosafiri kwa waya wa simu, katika kampuni moja ya mizigo. Lakini Jumapili moja mchungaji alisimama akatangaza kwamba marafiki wa ng'ambo wametuletea kompyuta pamoja na printa ya breli, yale maandishi ya nukta ambayo wasioona husoma kwa vidole. Akaongeza kwamba Mungu hatoi mzigo bila mbebaji, na kwamba mtaalamu tayari tunaye humu humu kanisani. Niligeuka kumtafuta huyo mtaalamu. Watu wote walikuwa wananiangalia mimi.

Jumamosi iliyofuata nikafunga viatu vizuri nikatoka kwa miguu, nikapandisha hadi Ngong Road, nikapita Dagoretti Corner, nikashika Naivasha Road mpaka Kawangware 46, pale mwisho wa basi la namba hiyo. Mashine zilikuwa zimewekwa huko kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na darasa la breli, na darasa lilikuwa huko kwa sababu kulikuwa na mzee mmoja mwenye ploti aliyejitolea chumba cha mawe chenye stima, umeme wa kuendesha mashine.

Mwalimu wa darasa lile alikuwa mama wa miaka arobaini hivi, mtu wa magharibi mwa nchi, ambaye hakuona tangu utotoni. Siku za wiki alikuwa opereta wa simu katika ofisi moja ya serikali. Alikaa mbele ya swichibodi siku nzima akiunganisha sauti na sauti, na alijulikana kwa kumtambua mtu kabla hajamaliza kusema halo. Jumamosi alifundisha watu wanne wasioona. Nilipoingia alinyoosha mkono.

"Wewe ndiye mtaalamu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Umetoka mbali. Viatu vyako vinalia vumbi." Akatabasamu. "Karibu. Wametuletea mashine mbili ambazo hazisalimiani. Uzipatanishe."

Mzee mwenye ploti alikuwa ameketi pembeni kwenye kiti chake mwenyewe, kofia kichwani, bakora katikati ya magoti. Alizaliwa hapo hapo Kawangware wakati ingali mashamba. Aliniambia mara moja kwamba yeye hayuko darasani. Yeye alikuja tu kuhakikisha stima yake haichezewi.

Siku hiyo sikuelewa kwa nini mtu wa kulinda stima akae akiangalia ukuta. Ni Mwalimu aliyenieleza baadaye, Mzee alipotoka nje. Presha ya macho ilikuwa inamla taratibu, mwaka wa tatu sasa, na hakutaka mtu ajue.

"Na wewe umejuaje?" nikauliza.

"Huwa hasalimii mtu kwanza. Anangoja uongee ndio akujue. Hiyo ni tabia yangu, namjua mwizi wake." Akacheka polepole. "Ploti yote inajua. Hata mbuzi wanampisha. Lakini usimwambie kwamba tunajua, utamharibia starehe."

Basi nikaanza kazi. Kompyuta ile ilikuwa na tundu moja nyuma, pana, lenye pini ishirini na tano. Printa nayo ilikuwa na tundu kama hilo. Kati yao kulikuja waya mnene wa rangi ya kijivu, na kwa mtu yeyote mwenye akili timamu ilionekana kwamba kinachobaki ni kuchomeka huku na huku. Tundu la namna hiyo halitoi maneno kwa mkupuo. Linatoa herufi moja baada ya nyingine, zimepanga foleni kama watu kwenye bomba la maji, na kila herufi yenyewe imekatwa vipande vinavyopita kimoja kimoja. Kwa hiyo pande mbili lazima zikubaliane kabla: mwendo gani, vipande vingapi, na nani atamngoja nani. Hayo niliyajua kutoka kwa teleksi. Jinsi ya kuiambia kompyuta ndiyo sikuiona, kwa kuwa nilikaa upande mbaya wa darasa.

Nilikuwa nimeazima kitabu kwa mwenzangu mmoja wa kozi, yule aliyekuwa amekaa katikati. Nikaandika programu ndogo ya mistari sita, na mstari wa kwanza ulikuwa wa kufungua tundu. Nikaiendesha. Kompyuta ikafikiri kidogo, halafu ikaniandikia kwamba kifaa kimechelewa kujibu.

Nikajaribu tena. Kimechelewa kujibu.

Nikapekua kitabu, nikakuta kwamba ukiongeza maneno mawili mafupi mwishoni mwa ule mstari, kompyuta haitangoja jibu kutoka upande wa pili. Nikayaongeza. Mstari wangu sasa ulisomeka hivi:

OPEN "COM1:1200,N,8,1,CS0,DS0" AS #1

Yaani: fungua tundu la kwanza, kwa mwendo wa elfu moja mia mbili, vipande vinane kwa kila herufi, na wale wanaosema ngoja usiwasikilize. Nikaendesha. Lalamiko likaisha kabisa. Nikapiga makofi.

"Imeandika?" akauliza Mwalimu.

"Bado. Lakini imeacha kulalamika."

"Mume wa dada yangu alifanya hivyo na mtoto wake," akasema Mwalimu. "Alimnyamazisha. Mtoto alikuwa na malaria."

Printa ilikaa kimya. Nilituma neno, kimya. Nilituma mistari kumi, kimya. Mzee akauliza kama hiyo ndiyo kazi yenyewe au bado tuko kwenye maombi. Mwalimu akaniomba nimweleze ule waya unakwenda vipi. Nikamwambia ni rahisi: pini ya pili huku inakwenda pini ya pili kule, ya tatu kwa ya tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho.

"Na pini ya pili ni ya nini?"

"Ni ya kusema."

"Kwa mashine gani?"

"Kwa zote mbili. Ya pili ni ya kusema, ya tatu ni ya kusikia."

Alinipa nafasi ya kujisikia mwenyewe. Sikujisikia. Basi akasema kwa upole, kama anavyomwambia mtu aliyepiga namba isiyo yake, "Umeunganisha mdomo na mdomo, na sikio na sikio. Kazini kwangu nikifanya hivyo nitafutwa."

Nilikwenda nyumbani na ule waya mfukoni. Nilikuwa na chuma changu cha kuchomelea risasi, kile cha kupashwa kwenye makaa, na Jumapili baada ya ibada nikakata, nikapishanisha nyaya mbili, ya kusema ikaingia kwenye kusikia. Nikaziacha nyaya tatu tu: kusema, kusikia, na ule wa chini ambao wote wanauegemea. Nyingine zote nilizikata. Zilionekana nyingi bila sababu.

Jumamosi ya pili printa ilinguruma. Ilikuwa na vijinyundo vya kutoboa karatasi nzito, na ilipoanza ilikuwa kama mvua ya mawe imeangukia mabati ya nyumba moja peke yake. Wanafunzi wanne waliacha vitabu vyao. Mzee aliinuka nusu kwenye kiti. Mwalimu alingoja karatasi itoke, akaweka vidole.

"Unasomaje?" nikauliza.

"Kuna mtu anapiga chafya," akasema.

Nyuma ya printa kulikuwa na kifuniko, na chini yake viswichi vidogo vinane, vya kupandisha na kushusha. Hivyo ndivyo vilivyopanga mwendo na mengine yote upande wa printa. Maelezo yake yalikuwa kwenye kijitabu kilicholetwa pamoja na mashine, kilichoandikwa kwa lugha ya huko baridi, yenye herufi zilizovaa kofia na vidoti. Nilikisoma kwa uso wa mtu anayeelewa. Halafu nikakumbuka kwamba hakuna aliyekuwa ananiona, nikaacha.

Tulijaribu swichi moja baada ya nyingine, kisha kwa kuzichanganya. Mimi ninapandisha, natuma, Mwalimu anasoma, na kwa kalamu yake ya kutobolea anaandika kwenye kadi: hii chafya, hii kimya, hii chafya nyingine. Kufikia saa sita mchana alikuwa na kadi iliyojaa. Swichi ya tatu ilipopanda tena, printa ilibadilisha mlio. Ilikuwa na mwendo sasa, kama mtu anayejua anakokwenda. Nilikuwa nimetuma neno MAMA.

Mwalimu alipitisha kidole mara mbili. "Mama," akasema.

Nilituma NYUMBA. Akasoma, "Nyumba."

Nakiri kwamba nilimpa mkono Mzee, nikawapa mikono wanafunzi wote wanne, na nilikuwa narudi kwa Mzee mara ya pili aliposema kwamba kama mashine imejua kuandika basi iandike chai, maana yeye amekaa tangu asubuhi bila chai. Nikatuma CHAI.

Mwalimu alisoma, akakunja uso. "Amekataa herufi ya kwanza. Kuna H, kuna A. Ya mwisho pia amekataa. Ameweka nukta zote sita, kama mtu aliyefuta kwa hasira."

"Tuma viazi," akasema Mzee.

Viazi navyo vilirudi bila I hata moja.

"Mashine ya Wazungu," akasema Mzee. "Mama anamjua, nyumba anaijua. Lakini kukaribisha mgeni, hapana."

Mchana ule nilitaka kurudi Kibera nikalale. Ni Mwalimu aliyekataa. Alisema kazini, laini ikiwa mbovu, mtu hasemi tu kwamba haisikiki. Unauliza ni neno gani linasikika na lipi halisikiki, kwa sababu laini mbovu ina tabia yake. Akaniambia nitume alfabeti yote kutoka A hadi Z. Nikatuma. Akasoma polepole na mimi nikaandika: A yupo, B yupo, C amekataliwa. D yupo. E na F hawapo. G na H wapo. I na J hawapo. Hivyo hivyo mpaka Z, na mwisho tulikuwa na kumi na nne waliopita na kumi na wawili waliokataliwa.

Nyuma ya kitabu cha kuazima kulikuwa na jedwali linaloonyesha kila herufi imeundwa na vipande gani. Fikiria safu ya taa saba, nyingine zimewaka, nyingine zimezimwa. Nilianza kuhesabu zilizowaka. A, mbili. B, mbili. C, tatu. D, mbili. E, tatu. F, tatu. G, nne. Nilihesabu hadi mwisho kwa sauti, na kabla sijafika S Mwalimu alikuwa anacheka.

"Anapenda wanaotembea wawili wawili," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Printa ile ilizoea kupokea taa saba tu, na ya nane ilikuwa ya ukaguzi: mtumaji huiwasha au kuizima ili jumla ya zilizowaka igawanyike kwa mbili. Mpokeaji akihesabu akapata moja imebaki peke yake, anajua kuna kilichoharibika njiani, anakataa. Mimi nilikuwa natuma nane bila ukaguzi wowote. Herufi ambazo kwa bahati zilikuwa na jozi kamili ziliingia. Nyingine zilionekana kama wezi. Maskini MAMA na NYUMBA zilipita kwa bahati tu, na mimi nilikuwa nimeshapeana mikono.

Nikabadilisha mahali pawili kwenye ule mstari: badala ya N, yaani bila ukaguzi, nikaweka E ya jozi, badala ya nane nikaweka saba. Nikatuma tena.

"Chai," akasoma Mwalimu. "Na viazi."

Mzee alimtuma mtu kwa mke wake, na chai ya kweli ikaja, na viazi vitamu vya kuchemsha. Wengine walipokuwa wanakunywa niliona jambo ambalo hakuna mwingine chumbani angeweza kuliona. Mzee aliivuta ile karatasi kwenye meza, taratibu, akaiweka juu ya goti na kuipapasa kwa kidole gumba. Nilitazama kando. Mwalimu, kikombe mdomoni, alisema bila kugeuka, akimwita babu kwa Kikuyu, "Guka, ni kidole cha shahada, si gumba."

Mzee akarudisha karatasi. "Nilikuwa naangalia kama ni nzito," akasema.

Wiki iliyofuata alikuwa na ombi. Alitaka historia ya ploti yake iandikwe, kutoka kwa baba yake hadi leo, ili Mwalimu ajaribie mashine. Kwa ajili ya Mwalimu tu, alisisitiza. Basi kwa Jumamosi tatu alisimulia na mimi nikapiga chapa, kwa Kiswahili chake ambamo mtu, ng'ombe na jembe vyote vilikuwa ngeli moja, na changu mimi mtu wa ziwa, ambamo sauti ya sh ilikuja siku ilizopenda. Alisimulia vizuri. Alieleza jinsi Kawangware ilivyokuwa mahindi na nduma, jinsi mama yake alivyobeba maji, jinsi baba yao alivyogawa shamba. Na alirudi mara kwa mara kwa ng'ombe mmoja mwekundu. Ng'ombe huyo aliahidiwa yeye, mtoto wa kwanza. Lakini ndugu yake mdogo alipooa, baba alimpa huyo ndugu. Hadithi ya ploti ilikuwa na kurasa sita, na ng'ombe alikuwa kwenye nne.

Siku ya kuisoma alimwita ndugu yake, aliyekaa ploti ya pili. Alikuja mzee mwembamba mcheshi, koti limefungwa vifungo vyote. Nilielewa kwamba hii ndiyo ilikuwa shabaha: ng'ombe asomwe mbele ya mashahidi, kwa maandishi, kupitia mashine isiyo na upendeleo.

Printa ilinguruma karibu saa nzima. Karatasi zilitoka nyingi, breli hula nafasi. Mwalimu akaziweka mapajani, akaanza kusoma kwa sauti yake ya swichibodi. Mahindi yalikuwepo. Nduma zilikuwepo. Alipofika ukurasa wa ng'ombe alisoma:

"Ndugu yangu mdogo alipozaa ndama wawili, na baba akafurahi sana."

Mwalimu alirudi nyuma kwa kidole, akasoma tena. Ndugu mdogo bado alikuwa amezaa ndama wawili.

Yule ndugu ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akafungua vifungo vya koti. Wanafunzi wakafuata. Mzee hakucheka.

"Ng'ombe wangu ameenda wapi?" akauliza.

"Mzee, niliandika," nikasema. "Yuko kwenye kioo. Niliandika: alipooa, baba alimpa ng'ombe mwekundu, na mwaka uliofuata ng'ombe huyo alizaa."

"Mashine imetoa katikati tu? Pale pale kwa ng'ombe?" Akageuza uso kuelekea sauti ya ndugu yake. "Umempa nini huyu fundi?"

"Sijawahi kumwona," akasema ndugu, akipangusa macho. "Lakini ni kijana mzuri."

Mwalimu aliendelea kusoma kimoyomoyo. Akagundua kwamba mwanzo wote ulikuwa mzima, kurasa kadhaa bila kosa, halafu kuanzia mahali fulani maneno yalianza kupotea, kipande hapa, kipande pale. Akaniuliza printa inaandika haraka kiasi gani kuliko kompyuta inavyotuma. Nikamwambia inaandika polepole zaidi, tena kwa mara kadhaa. Kinachozidi inakiweka kwenye kumbukumbu yake mpaka ikifikie.

"Na kumbukumbu ikijaa?"

"Inamwambia kompyuta ngoja."

"Kwa waya gani?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Niliona nyaya zote nilizozikata kwa kuwa zilionekana nyingi. Niliona pia yale maneno mawili mafupi mwishoni mwa mstari wangu, niliyoyaongeza siku ya kwanza na kupiga makofi. Nilikuwa nimekata ulimi wa anayesema ngoja, halafu kwa usalama zaidi nikaziba masikio ya anayeambiwa. Nilimweleza yote, kwa sauti ndogo. Sikutaka Mzee asikie, lakini mtu anayepoteza macho hukuza masikio.

"Kwa hiyo ni wewe uliyemchinja ng'ombe wangu," akasema.

"Ni mimi, Mzee."

"Sawa. Umrudishe."

Jumamosi iliyofuata nilikuja na waya mpya na kipimo cha stima chenye mshale, nilichoazima kwa fundi wa redio jirani yangu. Shida ilikuwa kujua ni pini gani printa inaitumia kusema ngoja, na kile kijitabu cha nchi ya baridi kilikuwa hakijabadilisha lugha. Tukafanya hivi: printa ilikuwa na kitufe cha kuisimamisha, na ikisimamishwa ni lazima iseme ngoja kwa njia ile ile. Mwalimu akakaa na kidole kwenye kitufe. Mimi nikagusa pini moja moja kwa kipimo.

"Simamisha," nasema. Anabonyeza. Mshale haujali. "Achia." Naenda pini nyingine. Tulipita hivyo kutoka ya nne. Pini ya ishirini, aliposimamisha, mshale ulianguka upande wa pili. Alipoachia, ukapanda.

"Umenyamaza," akasema Mwalimu.

"Nimeipata."

"Basi sema umeipata. Ukinyamaza mimi nadhani umekufa."

Mzee alijitolea kupepea jiko mwenyewe ili chuma changu kipate moto upesi. Alipepea kwa nguvu hata majivu yakaingia kwenye chai. Nikachomelea waya kutoka pini ya ishirini ya printa, upande wa kompyuta nikaugawa ukaingia pini ya tano na ya sita, zile mbili ambazo kompyuta huzitazama kabla ya kusema. Halafu nikafuta yale maneno mawili mafupi. Nilipoendesha programu nilikuwa nimefumba macho. Haikulalamika.

Safari hii printa ilifanya jambo jipya. Kwenye kioo hesabu ya mistari iliyotumwa ilikwenda, ikasimama. Printa iliendelea kugonga, ikala ilichokuwa nacho, kisha hesabu ikasonga tena hatua chache, ikasimama. Nilikaa pale nikiangalia mashine mbili zikipeana zamu na nilifurahi kuliko siku niliyopewa cheti.

Ndugu mdogo aliitwa tena. Alikuja mapema, maana hadithi ya ndama ilikuwa imezunguka 46 yote na watu walikuwa wanamuuliza hali ya watoto. Mwalimu akasoma. Ng'ombe mwekundu alikuwepo. Alikuwepo kwenye kurasa zake zote, na ahadi ya baba ilikuwepo, na machungu ya mtoto wa kwanza yalikuwepo, neno kwa neno.

Alipomaliza alizipanga karatasi mapajani. Halafu yule ndugu, ambaye sasa hakuwa anacheka, akasema, "Ndama mmoja alikuwa wako. Baba alinituma nikuletee. Nilimleta mpaka mlangoni kwako."

"Sikumwona," akasema Mzee.

"Ulimwona. Ulifunga mlango."

Mzee aligeuzageuza bakora. Nilidhani atakana. "Nilikuwa kijana," akasema mwishowe. "Alikuwa ndama mwembamba."

"Alikuwa mwembamba sana," akakubali ndugu yake. Wakaanza kuongea Kikuyu, na mimi na Mwalimu tukajifanya tuna kazi na karatasi. Waliondoka pamoja. Ndugu mdogo alikuwa amemshika mwenzake kiwiko, na mlangoni akamwambia kwa Kiswahili, bila shaka ili sisi pia tusikie, "Kuna ngazi hapo." Mzee hakumkatalia. Akainua mguu.

Mwezi uliofuata alikaa kwenye benchi pamoja na wanafunzi wanne. Kiti chake alikiacha pembeni. Alikuwa mwanafunzi mbaya kuliko wote, na mwenye maoni mengi kuliko wote. Alidai kwamba herufi fulani zimefanana kwa makusudi. Alidai vidole vyake vimekuwa vigumu kwa jembe, na Mwalimu akamjibu kwamba jembe hilo amelishika mara ya mwisho kabla ya uhuru. Nilimchapishia karatasi za herufi kumi za kwanza tu, nyingi, na alizitoboa kwa kupapasa. Mke wake aliniambia anazisoma mezani wakati wa kula, mkono mmoja kwenye sahani, na kwamba yeye mke hawezi tena kumtuma popote.

Niliendelea kwenda Kawangware kila Jumamosi kwa miaka miwili hivi, mpaka kampuni ikanihamisha. Tulichapisha nyimbo za kwaya, barua, masomo ya wale wanne, na mapishi ya mama mmoja aliyetaka kujua kuoka keki kwenye sufuria. Siku ya mwisho nilimkuta Mzee peke yake chumbani, historia yake iko mapajani. Alinisikia viatu.

"Fundi," akasema, "njoo hapa. Ukurasa wa pili. Umeandika kwamba mama yangu aliamka asubuhi akawasha mto."

Niliinama nikaangalia kwenye kioo, ambako maneno yalikuwa bado yamehifadhiwa. Mto. Niliruka herufi moja, mwenyewe, kwa mkono wangu, na Mwalimu alikuwa amelisoma neno hilo kwa sauti mara mbili kama moto bila kunisema.

"Mto hauwashwi," akasema Mzee.

"Hauwashwi, Mzee."

"Na usiniambie ni waya."

Nikaketi, nikaweka ile herufi mahali pake, nikauchapisha ukurasa wa pili upya. Aliupokea ungali na joto la mashine, akatafuta mstari kwa kidole cha shahada, akaupata, akaendelea kusoma.